Myamba: Beberu kaoa mabinti zake, bondeni faru wanaletewa wachumba kwa ndege!

WASHIKAJI wa kijiweni walinicheka niliposema naenda Upareni wiki nzima. "Unakwenda kufanya nini kule, kula makande?" akauliza mmoja. Mwingine, Mchagga bila shaka, akatoa ule utani wao wa siku zote kwamba Mpare akidai kuku atauza ng'ombe amlipe wakili. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Bibi mzaa mama alikuwa amenipigia simu mara mbili ndani ya siku tatu, na bibi yangu si mtu wa kuchezea vocha. Alikuwa na neno moja tu: "Njoo, mbuzi wananifia."

Msomaji wangu, kama hujawahi kufika Myamba nikupe picha. Ukishuka basi Same mjini usidhani umefika, hapo ndiyo kwanza unaanza. Same penyewe ni joto, vumbi na upepo wa kukuondolea kofia. Unatafuta Noah ya kupanda mlimani, ile ambayo imeshapita mikono kumi, mnajazana kumi na mbili pamoja na kuku, kisha mnafuata barabara ya mashariki inayopitia Kisiwani na Maore. Mkono wa kulia milima ya Upare imesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto ni tambarare, miiba na udongo mwekundu mpaka macho yanachoka. Ile tambarare ndiyo Mkomazi. Ikumbuke, tutairudia.

Halafu gari linaiacha barabara ya chini na kuanza kupanda. Wee acha tu! Kona moja unaiona mbingu, kona ya pili unaliona kaburi lako. Lakini kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyokuachia, na ghafla upo kwenye migomba, mifereji ya maji inapita pembeni mwa njia, na zile ndiva za Wapare, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mashamba, zinametameta kama vioo. Na harufu? Tangawizi. Kule juu tangawizi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Wanaume wakikaa wawili wakanong'ona, usidhani wanasema siasa, wanasema bei ya tangawizi.

Nilifika giza limeingia. "Mume wangu umekuja," bibi akasema huku akinishika mikono yote miwili. Nikampa shikamoo yake, akanipa makande yangu (Mchagga yule asisikie), nikalala kama gogo.

Asubuhi akanipeleka bandani. Kulikuwa na kitoto cha mbuzi cha siku mbili kimelala kwenye majani. Kilikuwa kidogo kama paka. Kilitaka kunyonya lakini taya la chini lilikuwa limerudi ndani, midomo haikukutana, maziwa yakawa yanamwagika shingoni. Bibi alikuwa akikikamulia na kukinywesha kwa kijiko. "Huyu ni wa nne mwaka huu," akasema. "Wawili walikufa kabla hata sijawapa majina. Mmoja alizaliwa mfu." Wakati tunazungumza, mama yake alikuwa anakilamba tu, hana habari na mambo ya taya.

Kitoto kile kilikufa saa nane mchana.

Sasa kwa bibi, mbuzi si mapambo. Tangawizi ikioza, na huwa inaoza, mbuzi wawili wakishuka mnadani mdogo wangu anarudi shule. Kwa hiyo watoto wanne kufa si habari ya kusema "pole bibi" ukaendelea kuchezea simu. Nikauliza kama bwana mifugo ameshafika. Alishafika, akaangalia, akauliza swali moja: beberu ni nani?

Beberu ni Mheshimiwa. Ndiyo jina lake, kwa sababu ya ndevu, kitambi na tabia ya kusimama juu ya jiwe na kuwatazama wengine kama wapiga kura. Marehemu babu alimchagua yeye kati ya wote, akafariki 2018 Mheshimiwa akiwa bado mdogo. Kwa miaka sita sasa ndiye dume pekee katika banda lile. Wake zake wa mwanzo walizaa mabinti, mabinti wakakua wakawa wake zake, nao wakazaa mabinti... Nadhani umeshaanza kupiga hesabu. Kitoto kile cha taya, Mheshimiwa alikuwa baba yake, alikuwa babu yake, na kwa upande mwingine tena alikuwa babu yake mkubwa. Bwana mifugo akamwambia bibi amwondoe. Bibi akamkaribisha chai, akamshukuru, na Mheshimiwa akabaki.

"Ukoo mmoja hatuoani," nikamwambia bibi, nikidhani nimempata. "Wewe mwenyewe ulimkatalia mjomba yule msichana mkakaa kikao cha siku nzima mkihesabu mababu."

"Yule alikuwa mtu," bibi akasema. "Huyu ni mbuzi wa babu yako."

Nikatoka nje kupunga upepo. Ukisimama nyuma ya nyumba ya bibi siku ya jua, migomba inaishia, mlima unakatika, na chini kabisa unaiona Mkomazi yote imelala mpaka inapoungana na Tsavo ya Kenya. Wazee wanasema jina lenyewe ni la Kipare, "mko" ni kijiko na "mazi" ni maji, yaani maji ya kijiko kimoja, kwa jinsi kulivyo kukavu. Mzee jirani, mwenye miaka sabini na ushee, akanikuta nimesimama pale. Akanyoosha fimbo. "Mjukuu, sisi tukiwa watoto tulikatazwa kushuka kule kwa sababu ya faru. Baadaye wakaisha. Sasa wapo tena, wamezungushiwa waya."

Hapo ndipo mie nikapata wazimu wa kushuka. Binamu yangu alipokuwa shule alishapelekwa kuwaona na basi la Rafiki wa Faru, ule mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa vijiji vya jirani. Mie wa Dar nilikuwa nimewaona kwenye noti tu. Nikashuka Same, nikawakuta vijana wanne wanachangishana gari, nikatoa changu, asubuhi na mapema tukapita geti la Zange.

Kwanza nikuambie utakachokiona kabla ya faru, usije ukanilaumu. Mkomazi si Serengeti, wanyama hawajipangi barabarani kukusubiri. Utaona twiga, pundamilia, kongoni, pofu, choroa mwenye pembe kama mikuki. Na utamwona mmoja ambaye mie nilimpenda kuliko wote, swala twiga. Mwembamba, shingo ndefu kama mwanamitindo, anasimama kwa miguu miwili ya nyuma na kula majani ya juu ya mti kama mtu anayechuma maembe. Tulisimama dakika kumi tukimtazama. Dereva akaanza kukohoa, maana kilichotuleta si swala.

Faru tulimwona saa mbili na nusu. Sitakudanganya kwamba ardhi ilitetemeka. Alikuwa nyuma ya kichaka, amegeuza masikio moja huku moja kule, anatusikiliza, maana macho yake ni mabovu. Juu ya mgongo wake kulikuwa na ndege wale ambao Waswahili wa zamani waliwaita askari wa kifaru, na wakiruka kwa kelele naye anajua kuna mtu. Ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole. Akaushika mti wa miiba kwa ule mdomo, akaukata, akatafuna miiba na yote. Nikajikuta nasema kwa sauti: "Huyu anakula kama mbuzi wa bibi!" Wenzangu wakacheka, lakini kweli. Faru mweusi si mla nyasi, ni mla vichaka.

Na si kula tu. Ukiisikia historia yake utadhani mtu amekaa anasimulia banda la bibi.

Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Miaka ya 1960 ilikuwa na faru zaidi ya mia moja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja, pembe zilikuwa zimeshavuka bahari. Si Mkomazi peke yake: Afrika nzima ilikuwa na faru weusi kama 65,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1990 hawakufika hata 2,500. Mwaka 1989 serikali ikamwalika Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyekuwa amefanya kazi na George Adamson wa simba kule Kora, Kenya. Akaja, akajenga kambi, na uzio ukazungushwa kwenye eneo la kilometa za mraba 55 hivi. Zuri. Uzio upo. Faru watoke wapi?

Sikiliza hii. Mwaka 1961 na 1962 faru saba walichukuliwa Kenya wakapelekwa Afrika ya Kusini, kwenye hifadhi ya Addo. Saba tu. Wakazaliana huko miaka thelathini na zaidi, wenyewe kwa wenyewe, wakati ndugu zao waliobaki huku wanamalizwa. Halafu Addo wakaamua wanataka faru wa aina ya kwao wa magharibi, hawa wa Afrika Mashariki wakawa wageni wasio na nyumba. Ndiyo wakarudishwa. Wanne wakaletwa Mkomazi 1997, wengine wanne 2001. Yaani watoto na wajukuu wa wale saba wamerudi nyumbani, na wamerudi kama ndugu.

Umeiona picha? Banda moja, uzio mzuri, askari mchana na usiku, jangili haingii. Na ndani yake binamu, kaka, dada na shangazi. Zaidi ya hapo, faru dume ni wale wale kina Mheshimiwa: mwenye nguvu anawafukuza wenzake na kupanda majike karibu wote. Uzio unazuia bunduki. Kaka kumpanda dada haumzuii, tena unamsaidia, maana dada hana pa kwenda.

Form Four yangu ya biolojia niliondoka na D, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelewa mwenyewe. Kila kiumbe amebeba kasoro zilizojificha. Mimi ninazo, wewe unazo. Hazikusumbui kwa sababu baba alikupa nakala mbovu na mama akakupa nzima, ile nzima ikafanya kazi. Ukizaa na mtu wa mbali, si rahisi naye awe na kasoro ile ile. Lakini ndugu yako wa damu ameichota kasoro kwenye chungu kile kile ulichochotea wewe. Mtoto anaweza kupata mbovu mbili, na hapo hakuna nzima ya kumwokoa. Taya linarudi ndani. Au halirudi, anaonekana mzuri tu, ila akipigwa na minyoo haponi, au akikua hazalishi.

Usiku ule nililala Same kwenye gesti, usingizi ukanikataa, nikashika simu. Kumbe somo hili lilishawaumiza watu vichwa siku nyingi, na lililowafundisha zaidi ni swala! Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Katherine Ralls na wenzake, walipekua kumbukumbu za vizazi vya wanyama wenye kwato waliofugwa, aina 16, akiwemo swala mdogo wa jangwani anayeitwa dorcas. Katika aina 15 kati ya 16, watoto waliozaliwa na ndugu walikufa zaidi ya wale wa wazazi wasio ndugu. Kabla ya hapo wenye bustani wengi walikuwa wanalaumu baridi, chakula, bahati mbaya... Bibi naye alikuwa analaumu jicho la mtu fulani ambaye nimeombwa nisimwandike.

Halafu kuna Almería, kusini mwa Hispania. Mwaka 1971 pale kilianzishwa kituo cha kuwafuga swala wa Sahara waliokuwa wanakwisha porini, akiwemo mmoja mkubwa mwekundu anayeitwa mhorr, na baadaye akaongezwa yule wa Cuvier. Walianza na wachache mno, wa kuhesabu kwa vidole. Wakazaana, wakajaa, watu wakashangilia. Lakini watafiti walipowapima, wakaandika mwaka 2000 kwamba madume wa Cuvier waliokuwa na undugu mkubwa zaidi katika damu yao walikuwa na mbegu dhaifu zaidi. Mwaka uliofuata wakaandika kwamba undugu ukizidi, na minyoo tumboni inazidi. Kwa macho, swala ni mzima, manyoya yanang'aa. Ndani ni mgonjwa na nusu tasa. Hata hivyo hawakukata tamaa. Wanaweka daftari la ukoo, nani mtoto wa nani, na kupanga nani akutane na nani. Wajukuu wa mhorr wale wamesharudishwa Afrika, kuanzia Senegal mwaka 1984.

Nikamkumbuka yule swala twiga wangu. Yeye hana daftari na hahitaji, kwa sababu hajafungiwa. Dume akikua anaondoka kwao kutafuta maisha mbali, kama sisi tulivyokimbilia Dar. Ni waya ndiyo unaoleta kazi ya mshenga.

Na wakati mwingine hata waya hauhitajiki. Simba wa Ngorongoro hawakuzungushiwa chochote, wana kuta za kreta tu. Mwaka 1962 nzi wauma-damu walizuka kwa wingi wakawaua simba mpaka wakabaki kama kumi. Waliobaki na wageni wachache wakazaa kreta nzima. Miaka ya 1980 kina Craig Packer na wenzake walipowapima, madume wale wenye manyoya ya kupigwa picha walikutwa na mbegu nyingi zenye kasoro. Faru wa kreta hiyo hiyo nao walikuwa wachache mno, ndiyo maana mwaka 1997 wakaletewa majike wawili, kutoka wapi? Addo hiyo hiyo.

Sasa nirudi Mkomazi nikupe udaku wenyewe. Wachumba walianza kushushwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwaka 2009 faru watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech. Mwaka 2012 watatu wengine kutoka Port Lympne, Uingereza, na majina yao ni Grumeti, Monduli na Zawadi. Waingereza kwa kuchagua majina! Mwaka 2016 akaja bibi harusi mwingine kutoka Czech, anaitwa Eliška, peke yake ndani ya ndege. Mie tangu nizaliwe sijapanda ndege.

Usidhani walikuja wakashuka wakaanza fungate. Faru aliyezaliwa Ulaya hajawahi kuumwa na mbung'o. Mwili wake haujui malale ya wanyama, na mbung'o wa huku hawana huruma na wageni. Hajui mti upi unaliwa na upi una sumu. Hajui dume mwenyeji anapiga kwa pembe kwanza na kusalimia baadaye. Anazoeshwa taratibu, kwenye boma dogo, anaongezewa eneo kidogo kidogo. Na kuzaa kwenyewe ni kwa subira: mimba ya faru ni miezi 15 hivi, mtoto mmoja, kisha mama anakaa miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi kabla ya kuzaa tena. Kosa moja la kumkutanisha na nduguye, umepoteza miaka.

Kuna jingine lililonikaa moyoni. Ndani ya Mkomazi walifugwa pia mbwa mwitu, kuanzia mwaka 1995, watoto waliookolewa nyika ya Wamasai ambako wakubwa zao walikuwa wanauawa. Walichukuliwa kwenye mapango tofauti, damu ilikuwa si tatizo. Mwishoni mwa mwaka 2000 ukaingia ugonjwa wa distempa. Ndani ya miezi miwili hivi, mbwa 49 kati ya 52 wakafa, na walikuwa wamechanjwa. Baadaye ufugaji ulianza upya. Basi ndiyo maana siamini mtu anayeniambia damu ikichanganywa kazi imekwisha. Na ndiyo maana tangawizi ya Myamba inanitia hofu vile vile, kwa sababu haipandwi kwa mbegu, inapandwa kwa kipande cha mama, shamba zima ni mtu mmoja aliyekatwakatwa. Ukiingia ugonjwa wa kuoza, hakuna binamu mwenye damu tofauti wa kubaki.

Na nisiwafiche lililosemwa garini wakati tunarudi. Kijana mmoja, mama yake Mmasai, alikuwa kimya muda wote. Tulipokaribia geti akasema: "Faru kaletwa na ndege. Ng'ombe wa babu wakatolewa kwa fimbo." Wafugaji waliondolewa Mkomazi mwaka 1988, wengine wakaenda mahakamani, na hawakurudishiwa malisho. Mwaka 2008 ikawa hifadhi ya taifa kabisa. Hakuna aliyemjibu. Mie nilimnunulia soda Same, na najua soda si jibu.

Nilipopanda tena Myamba nilikuwa na maneno mdomoni kama wakili. Bibi alinisikiliza akichambua mboga. Nilimweleza Addo, nikamweleza swala wa Hispania, nikamweleza Eliška peke yake ndani ya ndege. Hapo kwa Eliška ndipo aliponyanyua uso.

"Peke yake? Bila hata shangazi wa kumsindikiza?"

"Peke yake, bibi."

"Maskini mtoto wa watu." Akachambua majani mawili, matatu. "Na wale aliowaacha kwao, wanajua alikokwenda?"

Kumbe sikuwa nimeelewa kitu. Mie nilidhani bibi anabisha habari ya damu. Damu aliielewa siku ile ile bwana mifugo alipouliza swali lake, mtu aliyehesabu mababu wa mchumba wa mjomba mpaka vizazi vitano angeshindwaje? Alichokuwa hawezi ni kumpeleka Mheshimiwa mnadani akachinjwe. Ndiyo mbuzi wa mwisho aliyeshikwa na mkono wa babu.

"Nani kasema achinjwe?" nikamwambia. "Mheshimiwa hana kosa. Ni mzima, ana nguvu. Shida ni kwamba hapa wote ni wanawe. Ng'ambo ya pili hana ndugu hata mmoja, kule ni bwana harusi mpya."

Bibi akaacha mboga.

Mazungumzo na mzee wa ng'ambo yalichukua siku mbili. Nasema siku mbili, msomaji, na naona yule Mchagga wa kijiweni anacheka. Mzee alikuwa na beberu mweusi, kijana, mwenye masikio marefu, aliyenunuliwa mbali na asiye na undugu na yeyote mlimani. Akasema wake ni kijana, Mheshimiwa ni mzee, kwa hiyo aongezwe kitu. Bibi akasema wake ana uzoefu. Mzee akakagua meno. Bibi akakagua kwato. Zikatajwa debe mbili za tangawizi, ikashuka debe moja, ikapanda debe moja na nusu, ikadaiwa gharama ya kamba. Mwisho wakakubaliana debe moja, na sharti ambalo bibi alilirudia mara tatu mbele ya mashahidi: Mheshimiwa hauzwi, hachinjwi, na siku akizeeka anarudishwa nyumbani. Mzee akaapa. Bwana mifugo akaja kuwaangalia wote wawili, akasema pia kwamba mabinti wa beberu mpya wakikaribia kukua, naye ahame. Bibi akamjibu kwamba hayo hahitaji kufundishwa.

Nilimpeleka Mheshimiwa mwenyewe kwa miguu, tukashuka bonde na kupanda. Kila baada ya hatua ishirini alisimama kutazama nyuma, nami nikasimama naye, nina haraka gani? Nilirudi na yule mweusi, jua likiwa limeinama upande wa pili wa mlima na Mkomazi yote ikiwa kwenye kivuli. Beberu mpya hakupoteza muda, akapanda juu ya jiwe lile lile.

Bibi alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Miezi mitano. Akaniambia nirudi mwezi wa tano huo nimletee na chanjo ya mbwa, maana ile habari ya mbwa mwitu 49 haikumtoka.

Usiku, tukiwa tunakula, mbuzi akalia ng'ambo ya bonde, kwa mbali sana. Mie nisingeweza kusema ni yupi. Bibi aliweka bakuli chini, akasikiliza, akaamka akaenda mlangoni.

"Nimekusikia," akasema gizani, kisha akarudi kula.